Mwanagenzi wa Taifa Achagua Bourbon

Nchi ninayoisimulia haina jina kwa sasa. Jina la zamani lilifutwa kwa azimio, na jipya bado liko kwenye zabuni. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Akiona inafanana na mahali anapopafahamu, mfanano huo ni wa bahati mbaya, nami naomba radhi kwa pande zote mbili.

Naitwa Elikana Mtengule. Nilikuwa karani katika Idara ya Itifaki, na kazi yangu ilikuwa kutunza orodha ya viti: nani hukaa wapi, nani hukaa karibu na nani, na nani wasikae chumba kimoja mpaka mmoja wao astaafu. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijisomea mwenyewe kwenye mafaili ya watumishi waliofukuzwa kazi, ambayo huandikwa kwa ufasaha kuliko mafaili yote.

Mwezi wa sita ilikuja barua kwamba mjumbe kutoka nchi moja tajiri ya ng'ambo angetutembelea ili kutia saini mkataba wa kununua mahindi yetu. Chini ya barua hiyo katibu wake alikuwa ameongeza mambo mawili: mzee hapendi hotuba ndefu, na alasiri hupenda glasi ndogo ya bourbon nzuri.

Jambo la hotuba lilichukuliwa kuwa kosa la uchapaji, likaachwa. Jambo la bourbon lilipelekwa Baraza la Mawaziri.

Hapa sina budi kueleza kidogo. Katika nchi yetu mtumishi wa serikali hanywi pombe, ni sheria. Kwenye sherehe za dola viongozi hunywa chai tu. Chai hiyo huletwa kwenye mabirika, haina mvuke, na baada ya birika la tatu baadhi ya wazee huanza kuimba nyimbo za ujana wao. Mimi huamini ni majani ya chai ya daraja la juu. Lakini kwa sababu ya sheria hiyo hakuna aliyeweza kusema, "Bourbon naijua," asipoteze kazi. Wala hakuna aliyeweza kusema, "Siijui," maana tangu tupate uhuru hajatokea kiongozi aliyekiri kutojua kitu.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuchagua Bourbon Nzuri, wajumbe kumi na mmoja. Mwenyekiti alikuwa Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Ponsiano Rwezaula, aliyetunukiwa udaktari na vyuo vikuu vitatu, kimojawapo kikiwa kimeshajengwa. Katibu alikuwa mkurugenzi wangu, Bwana Kisauji. Huyu ndiye aliyeleta kitabu cha mwongozo.

Kitabu kilikuwa kizuri, kina picha. Tatizo lilikuwa jalada. Liliandikwa kwamba ni kitabu cha watu wanaoanza. Kila mjumbe alikipokea, akasoma jalada, akampa jirani yake haraka, kama mtu aliyepakatishwa mtoto akagundua kalowa.

"Humu ndani nani anaanza?" Waziri aliuliza.

Kila mmoja alimtazama jirani yake.

"Nauliza tena. Kuna mwanagenzi humu?"

"Mheshimiwa, sisi sote ni wabobezi," alisema Bwana Kisauji.

"Wabobezi wa nini?"

"Wa jambo lolote litakalojitokeza, Mheshimiwa."

Waziri alitafakari. Kisha akatoa uamuzi ambao magazeti yaliuita wa kihistoria: kama nchi haina mwanagenzi, basi ateuliwe.

Tangazo lilitoka. Mwombaji alitakiwa awe na uzoefu wa kuanza usiopungua miaka kumi. Mimi sikuwa nimepandishwa cheo kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo nilionekana nimevuka kigezo karibu mara mbili. Nilipewa barua yenye muhuri, nikawa Mwanagenzi wa Taifa. Niliapishwa nikiwa nimeweka mkono wa kulia juu ya chupa ambayo haijafunguliwa, kwamba sijui lolote, na kwamba nitaendelea kutojua mpaka nitakapoelekezwa vinginevyo.

*

Chupa zilikuwa sita. Ziliwekwa mezani na kupewa namba, na kamati ikakaa kwa vyeo.

Kitabu kilisema mtu anuse kwanza. Kwa heshima, Waziri alianza. Aliingiza pua yote kwenye glasi ya chupa namba sita, akavuta pumzi kama mtu anayepimwa kifua hospitali. Macho yakamjaa maji. Tulisubiri.

"Nanasi," alisema hatimaye.

Naibu wake akanusa, naye akapata nanasi. Mjumbe wa tatu, nanasi. Wa nne alikuwa mtu jasiri, akasema, "Nanasi bivu." Glasi iliponifikia mimi nilinusa kwa uangalifu nikahisi pua inaungua tu, basi. Nikaandika kwamba uchunguzi unaendelea.

Kilichoamua jambo hakikuwa pua, kwa kweli. Bwana Kisauji ndiye aliyegeuza chupa na kugundua kwamba kila moja imeandikwa alama zake.

"Mheshimiwa, hizi zimeshasahihishwa! Tazama. Namba moja imepata arobaini kwa mia. Namba tatu, arobaini na tano. Namba tano, hamsini. Na hii namba sita uliyoipenda..." akanyamaza kidogo ili habari ipate adabu yake, "...sitini na nne!"

Ukumbi ulipiga makofi. Katika nchi yetu alama ya kufaulu ni hamsini, na kila mtu mle ndani alikumbuka siku ya matokeo yake. Chupa nne zikaandikwa kuwa zimefeli. Namba tano ilifaulu kwa taabu. Namba sita ikatangazwa ya kwanza kitaifa.

"Hakuna yenye mia?" aliuliza naibu.

"Tunaweza kuchanganya ya tano na ya sita, tukapata mia moja na kumi na nne," alishauri mjumbe wa Hazina.

Waziri alikataa. "Tukivuka mia, wafadhili watasema mtihani ulivuja."

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nilijiambia kwamba watu kumi na mmoja hawawezi kukosea pamoja bila sababu. Lakini usiku... la, ilikuwa asubuhi iliyofuata, ofisini, nilisoma ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu, nikaona imeandikwa kwamba ile asilimia ni ukali wa kinywaji, na kwamba anayeanza aanzie chini ya hamsini. Nikampelekea Bwana Kisauji.

Aliusoma ukurasa mara mbili. "Mtengule," akasema, "kitabu hiki ni cha watu wanaoanza. Kamati haianzi."

"Ndiyo, mkurugenzi. Lakini mimi naanza."

"Basi wewe anza. Usianze kwa sauti."

*

Nilihitaji mwalimu. Nilitafuta kwa utaratibu, jina moja baada ya jingine, na kila nilipofika niliambiwa mlango unaofuata. Milango yote mwishowe ilinipeleka kwa mtu mmoja: Bi Siwema Kapalata, mpika gongo.

Bi Siwema alikuwa amepika gongo la mahindi kwa miaka thelathini. Kwa miaka hiyo yote hakuna mtu aliyepofuka, hakuna aliyekufa, na wateja wake wengi walikuja wamevaa sare. Alikamatwa siku ambayo hakuwa na mzigo wa kutosha kwa sherehe ya mkuu wa kituo. Alishtakiwa kwa kutengeneza pombe yenye madhara, kosa la miaka saba. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na alikuwa ameshakaa mahabusu miezi kumi na minne akisubiri kesi itajwe.

Nilikwenda gerezani na barua ya uteuzi, glasi mbili, na vichupa sita vya dawa ya kikohozi nilivyoviosha na kuvijaza. Askari wa zamu, Afande Tumsifu, alisoma barua yangu, akapiga saluti, kisha akaisoma tena.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umeletwa na kesi gani?"

"Sina kesi. Nimekuja kujifunza kunywa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Afande Tumsifu, njoo umwone huyu! Nimefungiwa kwa kuwanywesha watu, sasa serikali yenyewe imeniletea mteja!"

Nilimweleza yote: mgeni, kamati, chupa sita, sitini na nne kwa mia. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akafungua kichupa cha kwanza, akanipa glasi. Nikaingiza pua kama nilivyomwona Waziri. Akanipiga kofi mkononi.

"Unanusa au unapiga mbizi? Toa pua. Mbali. Fungua mdomo kidogo. Kidogo! Kama mtu anayetaka kusema jambo halafu akaghairi. Nchi hii hilo si mnalijua?"

Nikafanya hivyo. Pua haikuungua.

"Sasa onja. Usinywe, onja, kama unavyoonja mchuzi wa mama mkwe. Mara ya kwanza ulimi unapiga kelele tu, usiuulize kitu. Mara ya pili ndiyo uuulize."

"Inawaka, bibi."

"Kila kitu kinawaka. Ikishawaka, kinabaki nini?"

Nilisubiri. Mimi ni mtu wa kusubiri. "Kama sukari iliyosahauliwa jikoni," nikasema. "Kama mdalasini. Na karakana ya seremala."

"Ehee! Una ulimi, baba. Ulikuwa umeufungia tu. Dondoshea maji. Matone mawili, siyo bomba. Onja tena."

Nikaonja. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa anafoka akaamua kukaa chini. Kitabu kilikuwa kimesema hivyohivyo kwenye ukurasa wa ishirini, lakini kitabu hakikuwa kimenipiga kofi.

Tulikwenda kwa utaratibu, viwili viwili, kimoja kando ya kingine. Nilimsomea kwamba bourbon ni wiski ambayo zaidi ya nusu yake ni mahindi, hulazwa miaka kwenye mapipa mapya ya mbao yaliyochomwa kwa ndani. Aliposikia mahindi alinipokonya glasi.

"Mahindi?" Akanusa. Akanusa tena. "Mahindi kweli. Ya njano haya. Loo!" Akainua glasi kwenye mwanga. "Na huyu aliyepika, kafungwa miaka mingapi?"

"Hajafungwa, bibi. Jina lake limeandikwa kwenye chupa."

"Lake mwenyewe?"

"Lake mwenyewe. Na picha ya nyumba yake."

"Ili polisi wasipotee njia," alisema Bi Siwema, na safari hii hakucheka.

Alichagua namba tatu. Haikuwa ya bei kubwa, wala haikuwa na kizibo cha shaba wala kisanamu cha farasi shingoni kama baadhi ya zile nyingine. "Mgeni mzee anashuka kwenye ndege, tumbo tupu, ameshasikiliza hotuba," alisema. "Huyo humpi moto. Mpe mahali pa kukaa. Hii sita ni nzuri kwa anayejua, lakini ni ya mtu aliyeshakula."

Nikamwambia kwamba nitaiomba serikali imkumbuke.

"Mwanangu, usiniombee kukumbukwa. Walinikumbuka ndiyo nikafika huku. Niombee kesi ifutwe. Miaka saba nitatoka na sabini, kama nitatoka. Mimi nataka nife nikiwa na mlango ninaoufunga mwenyewe kwa ndani. Basi."

*

Kamati ilipokea pendekezo langu kwa utulivu. Ilikubaliwa kwamba namba tatu haiwezi kupewa mgeni kwa kuwa imefeli, ila kwa ubinadamu iwekwe chini ya meza kama ya akiba. Kuhusu Bi Siwema, Waziri alisema maneno ambayo niliyaandika palepale: "Mgeni akisifia alichokichagua yule mama, kesi yake nitaifuta."

Niliuliza kama naweza kupata ahadi hiyo kwa maandishi.

"Neno la Mheshimiwa haliandikwi," alisema Bwana Kisauji kwa upole. "Likiandikwa linapata tarehe."

Mgeni alifika. Aliitwa Bwana Tolliver, mzee mrefu mwenye sauti ndogo, aliyejua Kiswahili cha vitabuni kwa sababu ujanani alifundisha hesabu katika nchi ya jirani. Saa tisa alasiri tulikuwa ukumbini. Hotuba ya Waziri ilikuwa fupi kwa viwango vyetu, saa moja na dakika arobaini, na ilieleza historia ya hindi tangu kuumbwa. Kisha, kwa amri maalumu, sheria ya kutokunywa ikasimamishwa kwa dakika nne ili viongozi waweze kumwunga mkono mgeni.

Namba sita ikamiminwa. Waziri, kwa mazoea ya chai, aliinywa yote kwa mkupuo.

Nilimwona akitafuta neno. Neno halikuja. Yalikuja machozi. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba Mheshimiwa alilia kwa uchungu wa kuwapenda wakulima.

Bwana Tolliver aligusisha mdomo, akaiweka glasi chini. "Ina nguvu," alisema.

"Sitini na nne kwa mia!" alisema Bwana Kisauji. "Ndiyo ya kwanza darasani."

Mgeni alimtazama kwa muda, kama mwalimu wa hesabu.

Mimi huchelewa kuamua. Ilinichukua karibu dakika mbili kati ya zile nne. Nikainama, nikaitoa namba tatu, nikamimina kidogo, nikadondosha maji matone mawili, nikamsogezea. Bwana Tolliver aliiweka glasi mbali kidogo na pua, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Hapo nikajua kwamba yeye na Bi Siwema walisoma shule moja bila kuonana. Akaonja mara mbili.

"Nani kachagua hii?"

Waziri alikuwa bado hana sauti. "Serikali," alijibu Bwana Kisauji.

"Serikali ina pua?"

"Ni Bi Siwema Kapalata, mzee," nilisema. "Mpika gongo. Yuko mahabusu." Kiatu cha Bwana Kisauji kilikaa juu ya changu tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

"Kwa kosa gani?"

"Kupika gongo la mahindi, mzee."

Bwana Tolliver alitabasamu. "Babu yangu alifungwa kwa hilohilo, kule kwetu. Mara mbili. Naweza kuonja ya huyo mama?"

Mgeni wa dola hakataliwi. Gari lilitumwa kituo cha polisi, kwenye stoo ya vielelezo. Siku Bi Siwema alipokamatwa yalichukuliwa madumu mawili. Kilichorudi na gari kilikuwa chupa moja ya soda, imejaa nusu. Mtunza stoo aliandika maelezo kwamba gongo lililobaki lilikauka kwa joto. Miezi hiyo ilikuwa ya mvua, lakini stoo huenda ina hali yake ya hewa.

Bwana Tolliver alimimina kidogo kwenye glasi yake, na kidogo kwenye yangu kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu. Alifumba macho. Ukumbi mzima ulimtazama.

"Huyu mama," alisema, "anajua kuliko sisi wote humu." Akachukua kalamu, akatia saini mkataba wa mahindi, na usiku wa siku hiyo ndege yake ikaondoka.

*

Waziri alitimiza ahadi. Kesho yake saa mbili asubuhi kesi ya pombe yenye madhara ilifutwa kwa hati yenye saini, ikatamkwa kwamba haitafunguliwa tena milele. Sijapata kuona ahadi ya serikali ikitimizwa kwa kasi ile, nami nilikiri moyoni kwamba nilikuwa nimewadhania vibaya.

Saa sita mchana redio ilitangaza sheria mpya. Kinywaji kilichosifiwa na mgeni kilikuwa sasa Kinywaji cha Taifa. Kingetengenezwa na Shirika la Taifa la Kinywaji tu, chini ya shemeji yake Waziri, bwana ambaye hakuwahi kupika hata uji. Barua yake ya uteuzi ilisema hilo linaonyesha hana upendeleo. Na kwa kuwa kitu kizuri namna hiyo lazima kilikuwa mali ya taifa tangu zamani, sheria ilirudi nyuma miaka thelathini. Yeyote aliyekitengeneza bila kibali cha Shirika alikuwa amehodhi rasilimali ya umma. Adhabu, miaka kumi na minne.

Bi Siwema alikamatwa kwenye lango la gereza akiwa na kifurushi chake cha nguo mkononi. Ilielezwa kwamba hii ilipunguza gharama za usafiri.

Nilikwenda kumwona. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nilimsomea sheria neno kwa neno.

"Ngoja nielewe," alisema. "Ilipokuwa mbaya, ilikuwa miaka saba."

"Ndiyo, bibi."

"Sasa ni nzuri, ni kumi na minne."

"Ndiyo."

"Ningepika vizuri zaidi wangeninyonga." Aliutazama mlango. "Ushahidi wanao?"

"Ile chupa ya soda. Na mimi, bibi. Mgeni ameshaondoka, na viongozi kwa sheria hawajawahi kuonja. Ni mimi peke yangu niliyeidhinishwa."

"Maskini," alisema Bi Siwema. Nilidhani anajisikitikia yeye. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananisikitikia mimi.

Bwana Kisauji aliniita ofisini, akanipa kiti, jambo ambalo kwenye orodha yangu ya viti halikuwamo. Alisema cheo changu kingekuwa Mbobezi wa Taifa, pamoja na nyumba yenye ua.

"Hatukuombi useme uongo, Mtengule. Utaulizwa kama ni nzuri, utasema ni nzuri. Ni mara chache sana serikali kumwomba mtu ukweli. Usituangushe."

Nikamwambia nitafikiri. Aliniambia kufikiri kuko nje ya muundo wa utumishi.

*

Mahakama ilijaa. Kila mteja wa Bi Siwema aliyekuwa hai alikuja: mafundi, wapagazi wa soko, makarani, na kwenye benchi la nyuma wazee wawili wa polisi waliovaa kiraia. Walikuja kumwona mtu ambaye alikuwa fahari ya mtaa wao. Hata wale ambao wake zao wangewakana wakiwaona pale walikaa mbele.

Mwendesha mashtaka alieleza kwamba ana mambo mawili ya kuthibitisha: kwamba kilichomo kwenye chupa kimepikwa na mshtakiwa, na kwamba ni kizuri. Akainua chupa ya soda. Chini mlibaki kama vijiko vitatu.

"Mshtakiwa, hiki ni chako?"

"Kwa macho siwezi kujua, Mheshimiwa hakimu. Ni maji tu hayo. Naomba nionje."

Mwendesha mashtaka alifurahi. Chupa ikapelekwa kizimbani.

Bi Siwema aliifungua, akaiweka mbali na pua. Kisha akamimina vyote mdomoni. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake. Niliona alivyokaa nacho, muda mrefu kuliko ulivyohitajika, macho yakitazama dirishani. Ilikuwa mwaka na zaidi hajakionja, na kingine hakikuwepo popote duniani.

Akatema kwenye leso.

"Ni changu," alisema. "Nakitambua. Na ni takataka."

Watu walishtuka kama benchi limevunjika.

"Moto mkali, haraka, pipa chafu. Yale matone ya kwanza yenye sumu, yanayotakiwa kumwagwa, sikumwaga, niliyaonea choyo. Miaka thelathini, Mheshimiwa hakimu, nimewauzia watu hawa takataka, kwa sababu walikuwa hawajui. Kama Kinywaji cha Taifa ni kizuri, basi mimi sijawahi kukipika."

"Lakini mgeni wa dola alikisifia!" alipaza sauti mwendesha mashtaka.

"Mgeni ana adabu. Wewe ukipewa mchuzi mbaya ugenini unasema mbaya?"

Hakimu aliandika. Nikaitwa mimi. Nilipewa chupa tupu ninuse. Nikanusa, na harufu ilikuwa bado imo, yote.

"Shahidi, wewe ndiye mtaalamu. Kinywaji hiki ni kizuri?"

Bwana Kisauji alikuwa mstari wa mbele, akiitikia kwa kichwa taratibu kunionyesha njia. Nilichelewa, kama kawaida yangu, mpaka hakimu akakohoa.

"Mheshimiwa hakimu," nilisema, "kila ninachokijua nimefundishwa na mshtakiwa. Mwalimu akiisahihisha kazi yake mwenyewe akaikata, mwanafunzi hana la kuongeza."

Mwendesha mashtaka aliomba shahidi mwingine. Hakuwepo. Aliomba kielelezo kionjwe upya. Kilikuwa kwenye leso. Ilipendekezwa kwa sauti ya chini Waziri aitwe. Lakini Waziri hanywi, na zile dakika nne zilikwisha kabla ya chupa ya soda kufika ukumbini.

Hakimu alivua miwani. Alisema kosa la pombe mbaya limefutwa milele, na kosa la pombe nzuri halikuthibitishwa. Mahakama imeridhika bila shaka yoyote kwamba Siwema Kapalata ni mpishi hafifu, na hilo liingizwe kwenye kumbukumbu za taifa. Akaachiwa huru.

*

Nje, kwenye ngazi, watu walimpisha kama wanaoogopa kumgusa. Mpagazi mmoja mzee alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Bi Siwema. Harusi ya mwanangu. Ile ya matanga ya mke wangu. Yote ilikuwa takataka?"

"Ndiyo, baba," alisema. "Nisamehe."

Mzee alivaa kofia akaenda zake, hakugeuka. Wale polisi wawili walipita bila kutuona. Baada ya muda mfupi ngazi zilikuwa tupu, tumebaki mimi na yeye. Akaketi. Nikaketi ngazi moja chini yake.

"Wewe uliionja siku ile na mzungu," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Niambie."

Nilimweleza kwa utaratibu. Nikasema ilianza na hindi la kuchoma, lile lenye punje mbili tatu zilizoungua. Nikasema halafu ilikuja asali, lakini asali ya msituni, yenye uchungu kidogo. Kisha kama ganda la chungwa.

"Limau," alisema, akiwa amefumba macho.

"Limau," nikakubali. Nikasema kisha moto ulikuja, ila ulikuja umebisha hodi. Na ulipoondoka ulinuka kama ardhi tone la kwanza la mvua linapoanguka. Nikasema sijaonja kitu kama hicho kwenye chupa sita zile wala popote, na kwamba harufu niliyoikuta kwenye chupa tupu leo mahakamani ilikuwa ileile.

Hakufumbua macho mpaka nilipomaliza.

"Basi," alisema. "Imesemwa mara moja. Inatosha."

Akajifunga vizuri kitenge chake, akashika kifurushi, akaanza kushuka ngazi polepole. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika nakala ya hukumu, ambayo alitakiwa kuionyesha kwenye kila kizuizi cha polisi: karatasi moja, mihuri mitatu, inayothibitisha kwamba hajui kupika.